King'ora Kilichorudi Kulala

Mwanakombo Zubery ni mbishi. Naanza na hilo kwa sababu watu wa Ujiji wakimsifia huanza na kompyuta, kisha elimu, kisha wema wa marehemu baba yake aliyekuwa akiuza vitenge sokoni, na ubishi wanauacha mwisho kana kwamba ni kasoro ndogo tu. Mimi nimefanya naye kazi. Ukimwambia mvua inanyesha, atatoka nje kwanza akahakikishe.

Mimi ni Feliksi, fundi redio, kibanda changu kiko Mwanga na kwetu ni Kidahwe. Sisi Waha wa mashambani tunasema jambo tukamaliza. Wenzetu wa Ujiji hata kuazima chumvi wanaanza na habari za shangazi. Mwanakombo ndiye wa kwanza kutoka huko aliyeingia kibandani kwangu bila utangulizi. Alisalimia, akaweka kipima upepo juu ya meza, akaniuliza kama naweza kukifunga juu ya nguzo kisitikisike. Nikasema naweza. Akaniuliza nina uhakika gani. Tangu siku hiyo tunabishana.

Anaishi Ujiji, nyumba ya mama yake, na kazi anafanyia chumba cha nyuma: meza, kompyuta, feni inayopiga kelele, na dirisha linaloelekea ziwani. Anaandika programu za maduka, za zahanati, za yeyote anayehitaji. Miwani yake ameifunga uzi mweusi kwa nyuma kwa sababu akiandika huinama mpaka pua iguse vidole. Mumewe ni Swaibu, nahodha wa boti ya mbao inayobeba abiria na mizigo kutoka mwalo wa Katonga kwenda vijiji vya kusini. Swaibu ni mpole, msafi, mtu wa maneno machache, isipokuwa akianza kumsifia mkewe. Hapo hafungi mdomo. Inakera, na nimemwambia.

Ni Swaibu aliyewaambia wenye boti wa Katonga kwamba mkewe anaweza kuwatengenezea king'ora cha upepo. Msimu uliopita ziwa lilikuwa limewachukua watu, na kila aliyesimama kwenye mkutano wao alikuwa na wake wa kumlilia. Walikubali hata kabla hajamaliza kusema.

Kipima upepo tulikifunga Bangwe, kwenye kilima kinachotazama Kongo, maana tufani kubwa hutokea upande ule. Kinatuma habari kwa redio mpaka kwenye sanduku la bati pale mwaloni Katonga. Ndani ya sanduku kuna kompyuta ndogo na betri, juu kuna paneli ya jua na king'ora. Sanduku, waya na nguzo ni kazi yangu. Kilichomo ndani ya kompyuta ni cha Mwanakombo, na nimeelezwa mara nyingi mpaka nimekielewa kwa hasira.

Humo ndani mna wafanyakazi wawili. Yeye anawaita nyuzi, mimi nawaita wafanyakazi kwa sababu uzi haufanyi kazi peke yake. Wa kwanza anapokea habari za upepo kutoka Bangwe, kisha anaandika namba mahali fulani kwenye kumbukumbu: sifuri ni shwari, moja ni hatari. Wa pili ni wa king'ora. Kazi yake yote duniani ni kuingoja namba ile ibadilike. Namba yenyewe Mwanakombo anaiita ya atomiki, yaani huwezi kuikuta imeandikwa nusu. Ukitazama utakuta ya zamani au mpya, katikati hakuna.

Sasa, kungoja kuna namna zake. Mwanzoni yule wa king'ora alikuwa halali. Anauliza, imebadilika? Bado. Imebadilika? Bado. Usiku na mchana, bila kupumua, kama mtu anayefunua sufuria ya maharage kila dakika mpaka kuni zinaisha na maharage bado magumu. Betri ilikuwa inaisha kwa maswali hayo tu. Siku za mawingu sanduku lilizimika kabisa, na wenye boti walinitolea macho mimi, si yeye.

Mwanakombo akabadilisha. Akamwambia wa king'ora: shika kichwani namba uliyoiona mara ya mwisho, kisha lala. Mwenzako akiandika namba nyingine atakuamsha. Ukiamka, itazame. Ikiwa ni tofauti na ile uliyolala nayo, fanya inavyosema: moja piga kelele, sifuri nyamaza. Ikiwa ni ile ile, rudi ukalale.

"Kwa nini arudi kulala?" nilimuuliza. "Si ameshaamshwa?"

"Kuna kuamshwa bure, kaka Feliksi. Unataka king'ora kilie bure?"

Sikutaka. King'ora kikilia bure, baada ya wiki watu wanakizoea kama jogoo. Nikakubali, na betri ikaanza kukaa.

Kikafanya kazi. Kililia mara kadhaa masika yalipoanza, boti zikabaki mchangani, na tufani ikaja kweli huku watu wakiitazama kutoka barazani, wamekunja mikono. Mwanakombo akawa mtu mkubwa Katonga. Ila kulizuka tabia niliyoiona na sikuipenda. Zamani manahodha walikuwa wakisimama mchangani wakibishana juu ya wingu: huyu anasema litapita, huyu anasema halipiti, mpaka wanachelewesha abiria. Sasa hawabishani. Nahodha anawasha injini, anatega sikio upande wa sanduku, halafu anasukuma. Kimya cha sanduku ndiyo ruhusa. Swaibu ndiye aliyeianza. Alikuwa akisimama kwenye omo, mbele kabisa ya boti yake, na kuwaambia abiria, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wakaanga samaki, "Mwanakombo amenyamaza, twendeni."

Watu wanacheka, wanapanda.

Siku ninayoisimulia nilikuwa Ujiji, chumba cha nyuma, baada ya sala ya adhuhuri. Nilikuwa nimempelekea sanduku la pili, pacha wa lile la Katonga, tulilotaka kulipeleka mwalo mwingine. Lilikuwa juu ya meza yake likipokea habari zile zile za Bangwe, ila mahali pa king'ora nilikuwa nimefunga taa nyekundu ili tusimwamshe mama yake aliyekuwa amejilaza.

Redio ikakatika. Si jambo la ajabu, mawimbi hukatika. Wakati huo huo upepo ukapiga Ujiji ghafla, mabati ya jirani yakalia, ndoo ikabingirika uani. Halafu ukatulia. Jua likawaka vizuri kabisa. Redio ikarudi, na habari zote za Bangwe zilizokuwa zimekwama njiani zikaingia kwa mkupuo.

Kwenye kioo cha kompyuta nikaona sifuri, moja, sifuri. Haraka mno, kama kufumba jicho. Taa nyekundu haikuwaka.

"Taa imeungua," nikasema. Nikaichomoa, nikaipima. Ilikuwa nzima.

Mwanakombo hakunibishia. Hapo ndipo nilipoogopa.

"Haikuwaka kwa sababu hakuna aliyeiwasha," alisema taratibu. "Habari zimekuja zote pamoja. Wa kwanza ameandika moja, amemwamsha mwenzake, na kabla mwenzake hajafumbua macho ameandika sifuri. Huyu ameamka, ametazama, amekuta sifuri ile ile aliyolala nayo."

"Akarudi kulala."

"Akarudi kulala. Nilimwambia hivyo mimi."

"Na la Katonga?"

"Ni pacha wake, kaka Feliksi. Umelifunga mwenyewe."

Nilitazama dirishani. Ziwa lilikuwa limetulia, linang'aa. Lakini ng'ambo, juu ya Kongo, wingu lilikuwa limesimama jeusi, na mtu yeyote aliyezaliwa huku anajua maana ya upepo kupiga kidogo, ukaacha, na wingu likabaki pale pale.

Akampigia Swaibu. Simu haipatikani. Na isingepatikana: manahodha wetu wakikaribia kuondoka huzima simu, wakaifunga kwenye mfuko wa plastiki, wakaisokomeza chini ya kiti cha injini ili isilowe. Simu ya Swaibu kuzimwa maana yake ni moja tu, kamba imefunguliwa.

Akampigia Alphonce, katibu wa mwalo. Akaweka sauti kubwa ili nami nisikie.

"Mwiriwe, dada Mwanakombo!"

"Alphonce, Swaibu yuko wapi?"

"Ametoka sasa hivi. Amejaza, mpaka akina mama wa dagaa wamo. Meshack naye anamfuata, wengine wanapakia. Ziwa zuri."

"Wazuie! Hao waliobaki wazuie, na Swaibu mpigie yowe arudi!"

Kisha Alphonce akacheka, cheko la mtu anayedhani anataniwa. "Niwazuie kwa lipi, dada? Sanduku lako limenyamaza."

"Sanduku limekosea! Mimi ndiye nimelitengeneza, nakwambia limekosea!"

"Oya, hapana, dada. Hili halijakosea hata mara moja. Nikiwashusha abiria bila king'ora, wenye boti watanila mzima mzima." Injini zikamzidi sauti, simu ikakatika.

Nilitukana. Nasema ukweli, nilitukana ndani ya nyumba ya mama wa watu. Alphonce alikuwa anaamini sanduku kuliko mwanamke aliyelitengeneza, na mwanamke huyo alikuwa anamlilia mumewe kwenye simu.

Mwanakombo alikuwa ameshageukia kompyuta. Kwa njia ya mtandao anaweza kuingia ndani ya sanduku la Katonga, ikiwa mtandao umeamua kuwa na utu siku hiyo. Duara likazunguka kwenye kioo, likazunguka.

Akaingia. Akaandika moja kwa mkono wake.

Tukangoja Alphonce apige kusema kimelia. Hakupiga. Akatazama tena: sifuri. Akaandika moja. Akatazama: sifuri.

"Nani anafuta?" nikauliza.

"Yule wa upepo. Bangwe wanamwambia shwari, naye anaandika shwari. Anafanya kazi yake." Alisema hivyo kwa uchungu kana kwamba anamzungumzia mtoto wake. "Lazima nimsimamishe kwanza. Nikimwacha atanifuta kila nikiandika."

Mtandao ukakatika. Nikatoka na simu yangu, nikaishikilia juu ya ukuta wa ua ambako mawimbi ni mazuri kidogo, nikampa mtandao kutoka pale, nimesimama juu ya ndoo kama mwehu. Kutoka kule juu nililiona ziwa. Mstari mweupe ulikuwa umeanza kuonekana mbali, chini ya wingu. Nikapiga kelele, "Haraka, Mwanakombo!" Mama yake akaamka, akatoka, akaniona juu ya ndoo, akauliza kuna nini. Nikamwonyesha ziwa kwa kidole.

Kutoka ndani nikamsikia akisema, "Nimemsimamisha." Kisha, "Nimeandika." Kisha, "Amka. Amka, nakuomba."

Simu yake pale mezani ikaita. Ilikuwa Alphonce. Nadhani alikuwa ameiinua tu juu hewani, maana kilichotoka kwenye simu kilikuwa king'ora, kikali, mpaka simu yenyewe inakwaruza.

Sikusubiri kufunga chumba. Tulipanda pikipiki yangu, yeye nyuma kajifunga mtandio kichwani na kuushika kwa meno. Tulipofika Mwanga upepo ukatukuta, safari hii haukuwa wa kubembeleza. Vumbi, mifuko, matawi ya miembe, bango la duka likapita mbele yetu likiruka. Pikipiki iliyumba, nikasikia ameshika shati langu kwa mikono miwili.

Katonga watu walikuwa wamejaa mchangani. Boti zilizokuwa zinapakia zilikuwa zimevutwa juu. Ya Meshack ilikuwa imerudi, abiria wake wamelowa wanakalishwa chini ya banda la wakaanga samaki, na Meshack mwenyewe anawahesabu kwa kidole huku midomo imebadilika rangi. King'ora kinalia juu ya vichwa vyetu. Boti ya Swaibu haikuwepo.

Alphonce alitufuata akikimbia. Uso wake ulikuwa umekuwa wa mtu mwingine. "Mana yanje, Mungu wangu, dada. Alikuwa ameshapita rasi. Sijui kama amesikia."

Mwanakombo alikwenda mpaka maji yakamfika magotini. Mawimbi yalikuwa yanapiga na kumrudisha, naye anasogea tena. Nikasimama karibu, tayari kumshika. Mvua ikaanza, na ziwa likafungwa lote, huoni kitu.

Akaanza kuongea bila kunitazama. Ilibidi niinamishe sikio.

"Ilitakiwa iwe hesabu," alisema. "Si sifuri na moja. Kila hatari ikitokea, ongeza. Hesabu haipungui, haifutwi na shwari. Hata akichelewa kuamka atakuta imezidi ile aliyolala nayo, atajua kuna jambo lilipita."

"Mumeo yuko majini, wewe unaniambia hesabu!" Nilimfokea. Nilikuwa na hofu, na hofu yangu siku zote hutoka ikiwa hasira.

"Nikiacha kusema hesabu nitapiga mayowe, kaka Feliksi," alijibu. "Niache niseme."

Nikamwacha. Akaendelea kuisema ile hesabu yake, wapi ataibadilisha, mstari gani, neno gani, na machozi yanateremka chini ya miwani pamoja na mvua.

Ni akina mama wa dagaa waliokuwa mchangani walioiona kwanza. Waliona kitu cheusi chini mno majini, wakadhani ni gogo. Kisha gogo likainua mikono. Boti ilikuwa inakuja kwa ubavu, injini inakohoa, watu wanakumba maji kwa ndoo na masufuria. Mizigo yote ilikuwa imetupwa. Wanaume waliingia majini kwa kamba, nami nikiwamo, na tukaivuta mpaka ikakwaruza mchanga. Wakashushwa mmoja mmoja. Mwanamke mmoja alikuwa amevunjika mkono, watoto walikuwa wanatapika, lakini wote walishuka kwa uhai wao. Wote. Alphonce alihesabu, akahesabu tena, akakaa chini mchangani.

Swaibu alishuka wa mwisho. Alikuwa anatetemeka meno yanagongana. Akamwona mkewe, akatabasamu, na badala ya kumwendea akawageukia watu na kunyoosha kidole juu, kwenye king'ora.

"Mnakisikia?" aliwaambia. "Nilikuwa nimeshapita rasi, kikanifuata kule kule. Nikageuza. Si niliwaambia juu ya mke wangu?"

Baadhi wakaanza kupiga makofi. Wallahi, walipiga makofi, na mvua yote ile.

Mwanakombo akatoka majini. King'ora kilikuwa hakijanyamaza, kwa sababu yule wa kuandika sifuri alikuwa amesimamishwa na hakuna aliyekumbuka kumrudisha. Ilibidi apaze sauti ili asikike, na kwa kuwa alipaza, mwalo mzima ulisikia.

"Kililala, Swaibu! Upepo ulipopiga mara ya kwanza hakikuamka! Nimekiamsha mimi kwa mkono, wewe ukiwa umeshaondoka!"

Makofi yakakoma. Swaibu akamtazama kama hakuelewa. Kisha akasema kitu ambacho waliokuwa mbali hawakukisikia, lakini mimi nilikuwa nimeshika kamba pale pale ubavuni.

"Wingu nililiona," alisema. "Tangu nafungua kamba nililiona."

"Ukaondoka?"

"King'ora kilikuwa kimya. Watu wote wananitazama. Nikibaki mchangani mimi, mume wako, nani atakiamini tena?"

Nimemwona Mwanakombo akibishana na mafundi, na wenye boti, na mama yake, na mimi. Pale hakubishana. Alimshika mumewe kwa kola ya shati lililolowa, kwa mikono miwili, akamvuta mpaka vipaji vya nyuso zao vikagongana, na aliposema alisema kwa sauti ile ile ya kukishinda king'ora, Alphonce akasikia, Meshack akasikia, na akina mama wote chini ya banda.

"Siku nyingine ukiona wingu, nidharau! Mbele za watu wote, nidharau, urudi nyumbani!"